Faili Haina Miguu: Kuuliza au Kunyamaza Unaposubiri Jibu la Chuo

Mjomba wangu alikuwa karani katika makao makuu ya Mkoa wa Nyanza, hapa Kisumu, tangu enzi za mashine ya chapa mpaka mikoa ikaondoka na kaunti zikaingia mwaka 2013. Kwake yeye watu ni wa aina mbili: wanaofuatilia faili zao, na wanaozeeka wakisubiri. "Faili haina miguu, mwalimu," huniambia. Huniita mwalimu tangu nianze kufundisha, hata tukiwa mezani kwa mama. Aliposikia kwamba nimepeleka maombi ya uzamivu Marekani na sasa nimekaa tu, aliniangalia kama mtu aliyeacha ng'ombe katika shamba la jirani akaenda kulala.

"Umeenda kuuliza?"

"Mjomba, ofisi iko Ohio."

"Basi piga simu. Sema wewe ni nani, mtoto wa nani, uliza faili iko meza gani."

Nilicheka, ila swali lake si la kuchekwa. Kila mwaka, Januari hadi Aprili, kuna mtu anayeniuliza lile lile: niwaandikie au ninyamaze? Mmoja anaogopa kwamba akiuliza ataonekana msumbufu na ombi lake litatupwa. Mwingine anaamini kwamba asipouliza atasahauliwa. Nimefika mahali pa kuona kwamba wote wawili wanaipa barua pepe moja nguvu isiyo nayo.

Lakini kwanza nimtendee mjomba haki, kwa sababu kwa ofisi za kwetu anasema kweli. Nilipofanya uzamili katika chuo kimoja cha umma huku magharibi, pendekezo langu la utafiti lilipaswa kutoka kwa msimamizi, liende kwa mwenyekiti wa idara, kisha kwa mkuu wa kitivo, mpaka bodi ya masomo ya uzamili. Kila meza sahihi, kila sahihi wiki zake. Lilipokwama nilipanda matatu asubuhi, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi, nikamsalimu katibu, tukazungumza habari za watoto na mvua, na kabla ya saa sita mchana karatasi ilikuwa imetiwa sahihi na iko mkononi mwangu naipeleka meza inayofuata mwenyewe. Hakuna aliyeniona msumbufu. Aliyekuwa hajafika ndiye aliyesemwa: "Huyo hana haja na masomo." Ukikulia katika utaratibu huo, kunyamaza kunakuwa dalili ya uvivu, au ya kiburi.

Kwa hiyo nilipobonyeza kitufe cha mwisho, Desemba 2024, vidole viliendelea kuniwasha.

Fani yangu ni ikolojia ya maji. Kazi yangu ya uzamili ilihusu gugu maji katika Ghuba ya Winam, gugu lile ambalo wakati mwingine hufunga ufuo hata mashua za wavuvi zishindwe kutoka. Vyuo nilivyoviomba vilikuwa na tarehe za mwisho za Desemba mosi na Desemba 15, kama ilivyo kwa programu nyingi za uzamivu Marekani. Chache huenda hadi Januari. Kila chuo kinakupa ukurasa wako unaoonyesha hali ya ombi: fomu imepokelewa, ada imelipwa, barua za mapendekezo, transkripti. Hapo ndipo nilipojifunza kitu cha kwanza, na ndicho ambacho ningemshikilia mtu shati nimwambie kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia kimoja tu. Ndani ya ombi moja kuna mambo mawili: kuna nyaraka, na kuna uamuzi. Nyaraka ndizo ambazo mjomba anazifahamu. Zinapotea, zinakwama, zinaingizwa kwa jina la mtu mwingine, na ukiuliza zinapatikana. Uamuzi unafanywa na watu walioketi pamoja siku waliyojipangia, na siku hiyo haisogei kwa sababu wewe umeandika.

Kuhusu nyaraka nina kisa. Pasipoti yangu inaweka jina la baba mwisho, kama jina la ukoo. Transkripti ya shahada ya kwanza inaanza na jina hilo. Ya uzamili inalimalizia. Cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kina majina matatu kwa mpangilio wake chenyewe. Hapa nyumbani hakuna anayehangaika, karani anasoma majina yote, anaangalia namba ya kitambulisho, anajua ni yule yule. Kwa mfumo wa kompyuta ulio upande wa pili wa bahari, hao ni watu watatu. Chuo kimoja kikawa kinaniandikia kwa wekundu kwamba transkripti haijapokelewa, ilhali mimi nilikuwa na uthibitisho kwamba imetumwa.

Sikuandika siku hiyo hiyo. Tovuti yao ilikuwa imesema nyaraka huchukua hadi wiki mbili kuingizwa, na mtu anayeuliza kabla ya muda waliomwambia huwa anaonyesha tu kwamba hakusoma. Muda ulipopita niliandika mistari michache: jina langu kama lilivyo kwenye fomu, namba ya ombi, programu ninayoomba, tarehe transkripti ilipotumwa, na namna nyingine mbili ambazo jina langu huenda limeandikwa. Kisha swali moja, je, imefika? Kesho yake ukurasa ulikuwa wa kijani. Ilikuwa imekaa kwenye mfumo muda wote, chini ya jina la baba yangu, ikimsubiri mwombaji ambaye hayupo.

Idara nyingi hazipeleki kwa kamati faili ambayo haijakamilika. Kwa hiyo barua hiyo fupi, ya mambo ya karani kabisa, ndiyo iliyonipa haki ya kusomwa. Sikumsifu mtu ndani yake wala sikueleza ndoto zangu.

Kuna pia suala la nani wa kuandikiwa, na hapa wengi wanapotelea. Chuo cha Marekani kina kwa kawaida ofisi mbili zinazoshika ombi lako. Iko Shule ya Masomo ya Juu, ambayo ni ya chuo kizima: inapokea ada, inahakiki vyeti, inatoa barua rasmi ya kukubaliwa. Halafu iko idara yenyewe, ambako maprofesa wanasoma maombi na kuchagua, na ambako kuna mratibu mmoja, mfanyakazi wa ofisi, anayejua kila faili iko wapi. Ukiwa na swali la ada au la kuhakikiwa vyeti, andika ofisi kuu. Ukiwa na swali la kamati, ufadhili au mahojiano, andika kwa mratibu wa idara. Ukituma barua moja kwa wote, pamoja na mkuu wa idara na maprofesa watatu uliowataja kwenye insha, utakuwa umewapa watu wengi sababu ya kudhani mwenzao atajibu.

Na kuna wakati wa kuandikiwa si chuo kabisa. Novemba ile ya 2024 wahadhiri wa vyuo vya umma walikuwa kwenye mgomo, na mmoja wa walioahidi kuniandikia barua ya mapendekezo alikuwa amekwenda kwao Siaya. Ukurasa ulionyesha kwamba barua yake haijafika. Chuo hakingeweza kunisaidia. Kiungo cha kupakia barua kilikuwa kimetumwa kwake na mfumo wenyewe. Nilimpigia. "Daktari, habari za mchana, samahani kukusumbua ukiwa nyumbani." Alikuwa hajakiona. Tukakipata kwenye folda ya barua taka, akaandika jioni hiyo kwa simu yake. Niliwahi kumsikia mtu akilalamika kwa wiki nzima kwamba chuo kimekaa kimya, kumbe chuo kilikuwa kinamsubiri mwalimu wake, naye mwalimu wake alikuwa anasubiri kukumbushwa. Idara nyingi huvumilia barua za mapendekezo zikichelewa siku chache baada ya tarehe ya mwisho, mradi sehemu yako wewe iliingia kwa wakati. Lakini uvumilivu huo una mwisho.

Sasa Januari. Nyaraka zote zimetimia, kurasa zote zinasema ombi linasomwa, na kimya kinaanza. Kimya hicho kina maelezo ya kawaida kabisa. Vyuo vingi vya Marekani hufunga ofisi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Muhula unafunguliwa karibu na katikati ya Januari, na wanaosoma maombi ni maprofesa hao hao wanaoanza kufundisha wiki hiyo. Kamati inakutana mwisho wa Januari au Februari. Wanachuja, wanawahoji wachache kwa video, wanapanga orodha, kisha wanaangalia idara ina pesa za wanafunzi wangapi. Wa kwanza wanapata barua Februari na Machi. Wanaofuata wanawekwa akiba, mara nyingi bila kuambiwa. Wanaokataliwa huambiwa mwishoni, kwa sababu idara haitaki kumfungia mlango mtu ambaye huenda ikamhitaji.

Katika kipindi hicho sikumwandikia yeyote, na si kwa sababu ya nidhamu. Sikuwa na la kuuliza ambalo jibu lake lingebadilisha chochote nilichokuwa nafanya. Ningeambiwa "bado tunasoma" na ningerudi darasani kufundisha baiolojia Kidato cha Tatu. Nisingeambiwa, ningerudi darasani kufundisha baiolojia Kidato cha Tatu.

Rafiki yangu mmoja wa Nakuru, aliyemaliza Egerton, alichukua njia nyingine. Kila Jumatatu aliandika. Barua zilikuwa za adabu, hata nzuri: anawatakia wiki njema, anaeleza hamu yake, anauliza kama kuna habari. Mwanzoni alijibiwa kwa sentensi mbili. Baadaye alijibiwa kwa sentensi zile zile mbili, neno kwa neno. Baadaye hakujibiwa. Aliponisimulia alikuwa na hakika kwamba amejichongea.

Nilimuuliza dada mmoja wa Kakamega anayesomea uzamivu huko na ambaye kwa muda alisaidia kazi katika ofisi ya idara yake. Alicheka akasema tunawawazia watu wale kama mahakama. Ofisini, alisema, kuna mama mmoja na kompyuta yake. Mama huyo anashughulikia maombi mapya, usajili wa kozi, mikataba ya wanafunzi wanaofundisha, vyumba vya mitihani ya tasnifu, na mwanafunzi aliyepoteza ufunguo wa maabara. Hana kura kwenye kamati. Barua ya "kuna habari?" anaifungua, anabandika jibu lililo tayari, anaendelea. Haandiki popote kwamba fulani anasumbua. "Lakini ukimwandikia kila wiki," akaniambia, "siku ukiwa na swali la kweli atabandika jibu lile lile kabla hajafika mstari wa pili."

Hiyo ndiyo gharama, na ni gharama ya kweli ingawa si ile anayoiogopa mtu wa Nakuru. Kumwandikia profesa aliye kwenye kamati ni habari nyingine. Kabla ya kuomba ni jambo la kawaida, hata linashauriwa katika sayansi, kumuuliza profesa kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Baada ya tarehe ya mwisho, ukimuuliza umefikia wapi, unamweka mahali pabaya: akikuambia anavunja siri ya wenzake, asipokuambia anaonekana hana utu. Wengi hawajibu. Mimi ningekuwa wao nisingejibu pia.

Kitu kipya ni tofauti. Mwishoni mwa Januari makala niliyoandika pamoja na msimamizi wangu ilikubaliwa na jarida. Niliandika kwa waratibu wa idara, sentensi tatu, nikaambatanisha barua ya mhariri, nikaomba iwekwe kwenye faili kama bado inawezekana. Waliowahi waliiweka. Chuo kimoja kilisema kamati imeshakaa. Hakuna aliyekasirika. Ila kipya kiwe kipya: alama za muhula uliokamilika, chapisho, tuzo, kazi mpya inayohusiana na fani. Cheti cha semina ya siku moja hotelini kibaki kwenye kabati.

Februari hiyo mambo yalichafuka kwa sababu ambazo hakuna mwombaji angeziona kwenye ukurasa wake. Hapa Kisumu tulishaonja: msaada wa Marekani ulikuwa umesimamishwa Januari 2025 na miradi mingi ya afya mjini ilikuwa inafunga milango, watu wenye shahada wakibeba makaratasi yao kwenye katoni. Kisha tarehe 7 Februari taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH, ikatangaza kwamba gharama za uendeshaji ambazo vyuo hudai juu ya kila ruzuku ya utafiti zitalipwa kwa kiwango kimoja cha asilimia 15. Mahakama ilizuia tangazo hilo siku chache baadaye, lakini vyuo vilikuwa vimeshashtuka. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilisitisha kwa muda kupokea wanafunzi wapya wa uzamivu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliagiza idara zipunguze idadi. Machi, shule ya tiba ya UMass Chan, huko Massachusetts, ilifuta nafasi za uzamivu ilizokuwa imeshazitoa.

Nasimulia haya kwa sababu yalibadilisha maana ya kimya. Kabla ya hapo, kukosa jibu Machi kulikuwa na tafsiri moja: uko akiba au umekataliwa. Mwaka huo kulikuwa na ya tatu: wamekutaka, ila hawajui kama watakuwa na pesa. Swali "ombi langu limefikia wapi?" lisingetoa hilo. Swali lililotoa lilikuwa la ufadhili. Niliuliza idara moja kama nafasi za mwaka huo zitaambatana na ufadhili kamili kama tovuti yao ilivyosema wakati naomba. Jibu lilikuja refu, la kibinadamu, likieleza kwamba kamati imemaliza kazi yake na inasubiri chuo kitoe hesabu. Nilijua basi kwamba hakuna barua yangu itakayoharakisha kitu, na nikaacha kufungua ukurasa wao kila saa ya mapumziko.

Kwa mtu wa kwetu swali la pesa halina aibu yoyote. Barua ya kukubaliwa isiyo na ufadhili haikufikishi kwenye ubalozi wao ulioko Gigiri, Nairobi. Chuo hakiwezi kukupa I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka kione uthibitisho kwamba gharama za mwaka wa kwanza zipo, na bila I-20 hakuna ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ya kulipa wala miadi ya viza ya kuomba. Kuuliza mapema kama kuna pesa ni kuokoa muda wa wote wawili.

Katikati ya Machi nikapata nafasi ya kwanza, yenye ufadhili, kutoka chuo ambacho hakikuwa juu kabisa kwenye orodha yangu. Na hapa ndipo mjomba na mimi tulipokutana, kwa sababu sasa nilikuwa na haki ya kuuliza meza zote.

Liko azimio ambalo kila mwombaji wa Marekani anapaswa kulijua. Council of Graduate Schools, baraza la vyuo vyenye masomo ya uzamili na uzamivu huko, lina makubaliano ya muda mrefu kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vimetia sahihi, na orodha iko wazi. Halihusu nafasi isiyo na ufadhili, wala halivihusu vyuo vya Uingereza au vya hapa kwetu, kwa hiyo usilitaje ovyo. Lakini pale linapohusu, linakupa tarehe ambayo pande zote zinaijua.

Niliandika kwa idara mbili nilizozipenda zaidi. Kila barua ilisema: nimepata nafasi yenye ufadhili ambayo nitaijibu kabla ya tarehe 15 Aprili, bado ningependa kusikia kutoka kwenu kabla sijaamua, je, mnaweza kuniambia hali ya ombi langu? Kwa ile idara niliyoitaka kuliko zote niliongeza kwamba nikipata nafasi yenye ufadhili nitakuja. Sentensi hiyo niliituma mahali pamoja tu, kwa sababu ilikuwa kweli mahali pamoja tu. Maprofesa wa fani moja hukutana kwenye mikutano ya kisayansi, na ahadi iliyogawiwa kwa watu wawili hufika mbali kuliko inavyotarajiwa. Sikutaja kiasi cha pesa nilichopewa, wala sikuutumia waraka wa wenzao kama fimbo.

Mratibu wa kwanza alijibu siku iliyofuata: niko kwenye orodha ya kusubiri, karibu na juu, na watajua zaidi wiki ya pili ya Aprili wakianza kupata majibu ya walioalikwa. Wa pili alijibu kwamba samahani, sitapata nafasi mwaka huu, barua rasmi itakuja baadaye. Barua hiyo rasmi ilichelewa sana. Kama nisingeuliza ningeendelea kuishi na tumaini lililokwisha tarehe yake.

Naona hapa ndipo watu wanaponyamaza kimakosa zaidi, hasa sisi tuliofundishwa kutosumbua wakubwa. Mtu ana nafasi mkononi, ana tarehe, ana mkuu wa shule anayetaka kujua kama atarudi muhula wa pili (mimi ni mwalimu wa BOM, yaani niliyeajiriwa na bodi ya shule, mkataba wangu ni wa muhula kwa muhula, na muhula wa pili ulikuwa unafunguliwa mwisho wa Aprili), na bado anaona aibu kuandika sentensi nne. Idara nayo inataka kujua. Mtu aliye akiba na asiyetaka tena nafasi anawapotezea siku ambazo wangempa mwingine.

Simu sikupiga, pamoja na kusisitizwa na mjomba hadi akajitolea kupiga yeye, kama mzazi. Nilimweleza kwamba ofisi hizo hazizungumzi na mtu mwingine kuhusu ombi lako, hata awe nani wa nani. Alinyamaza kidogo, akaniuliza basi wanaendeshaje serikali. Jambo dogo la saa lilisaidia zaidi. Ohio iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi, na saba kuanzia Machi wanaposogeza saa zao. Nikituma saa kumi jioni baada ya vipindi, barua inamkuta mratibu akiwasha kompyuta. Nikituma saa tatu asubuhi ya Kisumu, inalala chini ya barua zote zilizoingia usiku wao.

Kuhusu kuuliza kwa nini umekataliwa, sina mengi. Wengi hawajibu, na hawana muda wa kujibu. Nilimwandikia mtu mmoja tu, profesa aliyekuwa amenihoji kwa video kwa karibu saa nzima, nikamshukuru na kumuuliza kama kuna sehemu ya pendekezo langu angeifanyia kazi. Alinijibu mstari mmoja kuhusu takwimu zangu, na mstari huo ulikuwa sahihi.

Aprili ilipoingia wiki ya pili, niliiandikia idara ya kwanza mara nyingine, kama walivyoniambia. Mratibu akasema waliokuwa mbele yangu hawajaamua wote, na chuo kimepunguza nafasi za kufundisha, kwa hiyo hata wakiondoka wawili huenda akaingia mmoja. Angeweza kuniambia nisubiri. Hakuniambia hivyo. Tarehe 14, Jumatatu, nilikubali ile nafasi niliyokuwa nayo. Kuna waliosubiri kwingine hadi Mei, na baadhi yao walikutana na agizo la mwisho wa mwezi huo lililozizuia balozi za Marekani kupanga miadi mipya ya viza za wanafunzi mpaka Juni. Sikujua litakuja. Nilijua tu kwamba mkuu wangu wa shule anataka jibu na kwamba nafasi yenye pesa ni nafasi.

Usiku huo nilifanya kazi ambayo hakuna aliyenikumbusha. Niliwaandikia wote waliokuwa bado na ombi langu, pamoja na ile idara ya orodha ya kusubiri, kwamba najiondoa, nimekubali kwingine, nashukuru. Baadhi ya kurasa zina kitufe cha kufanya hivyo, nyingine hazina. Mratibu aliyekuwa akinijibu tangu Machi alijibu baada ya dakika chache, barua ndefu kuliko zote alizowahi kunitumia. Alinipongeza, akaniuliza nimechagua wapi, akasema anamfahamu mratibu wa huko na atamsalimia, na kwamba kesho asubuhi atamwandikia mtu aliyekuwa nyuma yangu.